Zamu ya Rukaya

Mkurugenzi wa hospitali, Daktari Sekela, aliganda mbele ya kompyuta mpya ya wodi ya wazazi. Jina la muuguzi Rukaya lilikuwa linawaka kijani: yuko zamu. Rukaya waliyemzika mwezi uliopita!

"Nani anatumia jina la marehemu?"

"Mimi, daktari," alijibu Sista Tabu bila haya. "Nimebaki peke yangu, na kabati la dawa halifunguki mpaka wauguzi wawili wa wodi wakubali kwenye kompyuta. Ndivyo ulivyoagiza."

Nyuma ya pazia, mzazi aliyekuwa akivuja damu alipiga yowe.

Kidole cha Sekela kilikuwa tayari kwenye "Futa". Akakiondoa, na yeye mwenyewe akabonyeza "Kubali" kwa jina la Rukaya. Kabati likafunguka.

"Asante, Rukaya," kioo cha kompyuta kikaandika. "Zamu yako inaendelea."