Raba za Kulalia

Sheria ilikuwa wazi: mtafiti akiandika kwamba mji una amani, ahamie huko na familia yake mwaka mzima. Ndiyo maana Dkt. Kemilembe, msomi wa siasa na usalama, alikuwa amehamia Kasimba, mji wa mpakani.

Aliandika kwamba mji huo una amani kwa sababu ya jambo dogo alilolichunguza kwa miaka. Penye hofu, watoto hulazwa na viatu, tayari kukimbia. Watoto wa Kasimba walilala pekupeku.

Asubuhi ya kwanza, binti yao Tumsiime alitoka chumbani akipikicha macho, amevaa gauni la kulalia na raba.

"Baba Tumsiime, ni wewe uliyemvisha?" Kemilembe alimuuliza mumewe.

"Nakuamini, mke wangu," Byarugaba alisema kwa aibu. "Ila huyu tunaye mmoja tu."

Kemilembe hakumgombeza. Usiku yeye mwenyewe alikuwa amezigusa raba zile gizani miguuni mwa mtoto, akaziacha. Alimpakata mtoto, akaanza kufungua kamba taratibu.

Jirani yao, Mama Koku, akaingia na bakuli la uji.

"Karibuni Kasimba! He, Daktari, mtoto amelala na viatu? Mmesikia nini huko mlikotoka?"

"Hatujasikia kitu, mama. Ni utani wa baba yake."

"Haya," alisema Mama Koku, lakini hakucheka.

Jioni Kemilembe alichungulia dirishani. Barazani kwa jirani, watoto walikuwa wameshaoga, tayari kwenda kulala. Mama Koku alikuwa ameinama mbele yao, akiwafunga kamba za viatu.