Alama ya Chaki

Mwalimu Peris alikuwa amekubaliana na mwenzake: aingie ghafla darasani, anyakue mkoba mezani, akimbie. Alitaka wanafunzi wa saikolojia waone jinsi mashahidi wanavyopishana.

Mwenzake alipotoweka na mkoba, akauliza, "Haya, mwizi alivaa shati gani?"

"Jekundu!"

"La kijani, mwalimu!"

Akayaandika yote ubaoni.

"Kuna kitu mlichokiona nyote?"

Hidaya akasimama taratibu. "Mwizi alipoinua mkono, mwalimu, ulijikinga uso."

"Sikujikinga. Nilijua anakuja."

"Ulijikinga," wakasema wengine kwa upole.

"Chaki uliyoshika imekuacha alama hapa," Hidaya akaongeza, akijigusa paji la uso.

Mwalimu Peris hakujifuta. Aliliandika na hilo, chini ya rangi za shati, kwa mwandiko uleule. Kengele ya kwenda nyumbani ikalia. Wanafunzi wakatoka, yeye akaketi, asitake kwenda kwake.