Jioni na Familia

Wageni wa hoteli ile ya ufukweni hawakuja tena pwani. Walibaki kwao kwenye baridi, wakakodi miili ya wafanyakazi, na kwa miili hiyo wakapiga mbizi, wakateleza juu ya mawimbi na kucheza mpira mchangani. Nasoro alikuwa mmoja wa waliokodishwa. Asubuhi alifumba macho hotelini, jioni akayafumbua akiwa hoi, asikumbuke hata tone la maji.

Mkewe, Mejumaa, alishazoea kumkanda mabega yaliyobabuliwa na jua, huku mumewe akimuuliza, "Unadhani leo nilicheka?"

Ijumaa moja Nasoro alirudi mapema. Aliketi mkekani akala wali wa nazi kwa furaha, kama mtu anayeuonja mara ya kwanza. Kisha akamnyanyua binti yao Riziki na kumrusha juu, mtoto akaangua kicheko. Nasoro hakuwa amecheza naye tangu aanze kazi ile.

Mejumaa akamkazia macho. "Baba Riziki, mama yako anaitwa nani?"

Mwanamume akainamisha kichwa. "Niwie radhi, dada. Hoteli imetuwekea burudani mpya. Jioni na familia."

"Mume wangu anajua?"

"Alikubali mwenyewe. Alisema yeye hana tena nguvu za kucheza na mtoto."

Mejumaa alitaka kumfukuza. Lakini Riziki alikwisha kunyoosha mikono. "Baba, tena!"

Mama mtu akageukia ukuta, akamwacha mgeni amrushe.