Uvimbe Mbele ya Ukoo

Picha ya titi la Fausta ilitokea kwenye televisheni ya sebuleni kabla hajamaliza kufunga vifungo vya blauzi. Ndivyo sheria ilivyotaka: ultrasaundi hufanywa nyumbani, majibu huenda kwa ukoo, na ukoo ndio unaoridhia matibabu. Mashine ilizungushia uvimbe duara jekundu na kuandika: saratani, kingo zina miiba, matibabu yaanze mara moja.

"Mbona kama ramani ya kisiwa cha Ukerewe!" alisema Baba Mkubwa Ndaki. Watu wazima wakacheka.

"Mashine nazo hukosea," alisema Kalunde, wifi yake Fausta, ambaye hadi leo huwashiwa jiko la gesi na watoto.

"Haijakosea," alisema Fausta. Alikuwa mwalimu wa fizikia, na alijua kwamba mwangwi, ndio unaochora picha hizo, haumwonei mtu haya.

"Mama Kabula," Kalunde alimgeukia Fausta, "harusi ya binti yako ni mwezi ujao. Ukinyonyoka nywele kwa dawa, picha zitakuwaje? Mama wa bibi harusi ana kipara?"

Wakapiga kura. Mikono ikanyooka kuahirisha matibabu hadi harusi ipite. Mume wa Fausta alinyoosha wa mwisho, macho kwenye zulia. Kisha wakala maandazi.

Wiki iliyofuata ukoo ulikutana kuchagua sare za harusi, na picha mpya ikatokea kwenye televisheni. Duara lilikuwa limepanuka. Kalunde alilitazama kwa makini kwa mara ya kwanza.

"Rangi nyekundu kama ile," alimwambia fundi cherehani, akilionyesha duara kwa kidole. "Ile ile."

Fundi akamwomba Fausta anyanyue mikono, akampima kifua.