Fagio la Redempta

Katika shule ile ya masista, siku ya kufunga muhula kila mtoto aliliegemeza fagio lake ukutani, limngoje. Aliyehama tu ndiye aliyeondoka na la kwake.

Misa ilipokwisha, bibi yake Redempta alimwendea Sista Ansila, mwalimu mkuu. "Namhamisha, Sista. Tangu mama yake afariki, hapa hajapata hata mtu wa kucheza naye."

Sista alimgeukia mtoto. "Haya, Redempta," alisema taratibu. "Kachukue fagio lako."

Mtoto alikwenda, akarudi mikono mitupu.

"Liko wapi?" bibi aliuliza.

"Nimemwazima Dafrosa. La kwake limefumuka." Redempta aliinamisha kichwa. "Kasema atanirudishia tukifungua shule."

Bibi alitazama uani. Akina mama walikuwa wakipakua pilau, na msichana mmoja, fagio mkononi, alikuwa akifagia wali uliomwagika huku akimpungia Redempta mkono.

Sista alikwenda, akarudi na sahani tatu. Bibi aliitazama ya kwake ikifuka moshi, kisha akautua chini mkoba wa mjukuu wake, ingawa mkanda bado kaushika.