Karatasi ya Mzee, Karatasi ya Mbwa

Kila mara mlezi alipolowesha kitambaa, Bonge alikuja mbio, akaketi na kuinua ule uso wake uliobonyea, akingoja. Mbwa wa watu aliambulia patupu. Kitambaa kilikuwa cha mzee.

Ndivyo karatasi zilivyosema. Mlezi alipoanza kazi, mkaza mwana wa mzee alikuwa ameshasafiri na mumewe. Alipiga simu tu. "Nimechapa kila kitu, kiko kwenye mlango wa friji. Karatasi ya mzee na karatasi ya mbwa. Fuata neno kwa neno, dada. Nikikuta umekosea, kazi huna."

Mlezi alikuwa na watoto wawili na mama mgonjwa. Alizikariri zote mbili, kuanzia kichwa kilichobandikwa juu ya kila moja.

Ama kweli kuna wakaza wana na wakaza wana! Karatasi ya mzee ilijaa mapenzi hadi pembeni. Mikunjo ya uso ipanguswe kila asubuhi kwa kitambaa cha uvuguvugu, kisha ikaushwe vizuri, ngozi isichubuke. Nywele zichanwe taratibu kwa brashi laini ya mpira, kufuata zinakolala. Masikio yaangaliwe. Atembezwe kabla ya jua kali, maana pumzi yake ni fupi. Asiachwe peke yake, huhuzunika. Aongeleshwe.

Mlezi alikuwa amehudumia wazee wengi, na wakaza wana wao walikuwa hawajui hata majina ya dawa. Huyu alikumbuka mpaka masikio!

Ya mbwa ilikuwa mistari minne. Ale mara mbili, kidogo. Asikae kwenye sofa. Akipiga kelele asijibiwe, atanyamaza mwenyewe. Wageni wakija, afungiwe chumba cha nyuma.

Kwenye sofa palikuwa na mto mdogo uliotariziwa jina la Bonge. Mlezi alishangaa kidogo, akauondoa.

Baada ya wiki tatu mzee aling'aa kama bwana harusi. Bonge alipukutisha nywele nyumba nzima, na mikunjo ya uso wake ikaanza kunuka.

"Babu, mimi namwonea huruma."

"Karatasi inasemaje?"

"Asijibiwe."

"Basi, mwanangu. Atazoea. Siku za mwanzo ndizo ngumu."

Mzee alikuwa amejalidi vitabu kwa miaka arobaini, na mkasi wake na kikopo cha gundi bado vilikaa dirishani. Aliheshimu sana karatasi.

Mkaza mwana alirudi Jumamosi bila taarifa. Jirani alikuwa amekuja kumjulia hali mzee, ambaye alijinyoosha kwenye sofa, kidevu juu, akipanguswa shavu. Kwenye chumba cha nyuma Bonge alilia. Hakujibiwa.

Mkaza mwana alimpita baba mkwe bila salamu, akamfungulia mbwa, akamkumbatia, akamnusa.

"Umemfanya nini mtoto wangu? Toka! Kazi huna!"

Mlezi alileta karatasi. "Nimefuata neno kwa neno, mama."

Mkaza mwana alizinyakua. "Neno gani? Hii ya kupanguswa uso ni ya Bonge! Na hii ya kufungiwa chumba cha nyuma ni ya..."

Jirani alikuwa akimtazama.

Mzee alifumba macho, akageuza shavu la pili.

"Usimfukuze binti wa watu, mkwe wangu. Gundi ni yangu."