Gari la Kumpeleka Gladys

"Gari la maana linasukumwa na tairi za nyuma," Isack alisema, akipangusa boneti. "Hayo ya kuvuta tairi nne ni ya kubebea ndizi."

"Mvua imenyesha, kaka," mdogo wake Eliona akajibu. "La kwako litamlaza Gladys mtaroni."

Walikuwa nje ya saluni, mtaa wa Soweto, magari yao mawili ya spoti yamepambwa maua, vioo vyeusi tii. Ndani, dada yao wa pekee alikuwa akivishwa shela. Mchungaji kule Old Moshi alishaonya: saa saba kamili, na atakayechelewa atafunga ndoa mwezi ujao. Saa sita ilishapita, na madume mazima yalikuwa bado yanabishania tairi.

Simu ya Isack ikaita.

"Isack, wewe ndiye mkubwa," Mama alisema. "Mwachie mwenzako amchukue Gladys. Ondoka kimya kimya, asijue nimekuambia."

Ilimuuma. Gari alilitoa Dar kwa ajili ya siku hii tu! Lakini neno la Mama halijibiwi. Aliingia garini, akajituliza. Kupitia kioo alimwona Eliona naye yuko kwenye simu, anaitikia kwa kichwa. Bila shaka anajisifu kwa bwana harusi. Isack akawasha gari, akaondoka.

Lami ilipokwisha, gari la Eliona likatokea nyuma. Topeni, la Isack likaanza kutupa mkia kama ng'ombe anayefukuza nzi. Eliona akampita, honi juu. Kwenye kona iliyofuata Isack akanasa, na akina mama wenye mikungu ya ndizi wakamsukuma huku wakimcheka waziwazi.

"Baba, hili gari au kigoda?" mmoja akauliza.

Alifika kanisani saa saba kasoro dakika mbili. Tarumbeta zilikuwa zinalia. Gari la Eliona limesimama mlangoni, na bibi harusi hajashushwa. Kumbe wamemsubiri! Hasira zote zikamwisha, machozi yakamlenga. Mdogo wake ana utu, bwana.

Akalikimbilia gari la Eliona, akafungua mlango wa abiria, akanyoosha mkono ampokee dada yake.

Nyuma yake Eliona alikuwa ameinama kwenye mlango wa abiria wa gari la Isack, tabasamu usoni, mkono ameunyoosha vilevile.